Msimu wa uyoga Nachingwea na Masasi: aliyeujua hayupo tena, tunautambuaje unaolika?

MjukuuWaNachi

Habari za asubuhi wakuu, na wazee mliomo humu shikamooni.

Bibi yetu alitutoka mwezi wa saba. Kila kifuku, mvua zikishapiga wiki moja au mbili, alikuwa anatoka na kikapu kabla jua halijachomoza, anaingia porini peke yake, saa tatu anarudi kimejaa uyoga. Sisi kazi yetu ilikuwa kula. Hakuna aliyemfuata hata siku moja. Mimi nilikuwa Dar kwa masomo, dada zangu waliogopa umande na nyoka, na yeye hakuwa mtu wa kulazimisha.

Juzi watoto wa kaka wameleta beseni zima. Kulikuwa na mweupe mpana kama sahani, wa njano kama kiini cha yai wenye harufu ya tunda, mwekundu, na mwingine wa kahawia ambao bado mdogo, umefungana kama yai. Jirani akaniambia pika tu, si ndio aliokuwa anakula bibi yako? Moto nilishauwasha. Nikakaa na lile beseni nikaliangalia, moyo ukakataa. Nimeufukia wote nyuma ya nyumba. Watoto wamelia mpaka wamelala.

Naomba anayejua kweli anielekeze. Mnatumia alama gani? Na mdogo wangu amenitumia video za Wazungu wanaokota uyoga unaoitwa moreli, umetobokatoboka, na unauzwa bei kubwa. Anauliza kama na kwetu upo. Hilo nalo kama kuna mwenye jibu.

Mtu_wa_Chikundi

Pole na msiba dada. Njia rahisi ni hii: chemsha na punje za mchele au kitunguu saumu. Mchele ukibadilika rangi, mwaga. Usipobadilika, kula. Wengine wanaweka sarafu ya fedha. Halafu angalia kama funza au konokono ameutafuna. Mdudu hali sumu. Sisi tumekua hivyo.

KijanaWaNewala

Naunga mkono, na kwetu tunasema mwekundu acha, mweupe kula.

MzeeWaRondo

Marahaba binti. Pole sana kwa bibi. Na nakupongeza kwa lile shimo ulilochimba nyuma ya nyumba.

Nimefanya kazi za misitu miaka mingi upande wa Rondo na Nachingwea, na uyoga nimeanza kuokota nikiwa mgongoni kwa mama. Naomba nizungumze na vijana wawili waliotangulia kwa heshima, maana walichoandika kinaua watu na wao hawana nia mbaya.

Mchele, kitunguu, sarafu: yote hayo hayapimi sumu ya uyoga. Fedha inabadilika rangi ikikutana na salfa, basi. Sumu inayoua watu kwenye uyoga haina habari na fedha wala na mchele. Unaweza kuchemsha uyoga wa kifo na punje za mchele zikatoka nyeupe vilevile. Konokono naye mwili wake si wako. Anatafuna uyoga wenye sumu kali na anaendelea na safari. Mbuzi, nyani, kobe, wote hao usiwafanye mashahidi. Na ladha usiitegemee kabisa. Waliokula ule mbaya kuliko wote wakapona husimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Kijana wa Newala, huo wa rangi ndio mbaya zaidi. Uyoga unaoua kuliko wote huko Ulaya, unaoitwa Amanita phalloides, kofia yake ina ukijanikijani hafifu wa kupauka, na ndugu yake mwingine ni mweupe pee kama maziwa. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima. Mweupe kula? Hapana mwanangu.

Sasa binti, ulichouliza. Hakuna alama moja ya kutenganisha unaolika na usiolika. Haipo, na anayekuuzia alama moja usimnunue. Bibi yako hakuwa na alama. Alikuwa anaujua uyoga mmoja mmoja kama unavyowajua majirani zako: sura, mahali anapokaa, anatoka mwezi gani, anatembea na nani. Humtambui jirani kwa rangi ya shati.

Kwa hiyo kuna mambo ya kuangalia, na unayaangalia yote kwa pamoja. La kwanza watu wengi wanaliharibu kwa mikono yao wenyewe: wanaukata uyoga juujuu au wanauvunja shinani. Uyoga unachimbwa. Chukua kisu au kijiti, uutoe na kitako chake kilichomo ardhini, maana kitambulisho kikubwa kimefukiwa. Ukikuta kitako kimevaa kitu kama kikombe au soksi iliyochanika, na katikati ya shina kuna pete kama sketi ndogo, na chini ya kofia zile karatasi nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu ni nyeupe, hapo simama. Jamii ya wauaji inavaa hivyo. Watoto wako walileta uyoga uliovunjwa au uliochimbwa?

MjukuuWaNachi

Asante sana mzee wangu. Uliovunjwa wote. Hakuna hata mmoja uliokuwa na kitako.

MzeeWaRondo

Basi hata ningekuwa hapo jikoni kwako nisingekwambia upike.

DadaNesi_Masasi

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wilaya zaidi ya moja huku kusini. Sitataja kituo wala kijiji, lakini nasimulia kwa sababu nimeliona kwa macho yangu na bado linanikaa kichwani.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Familia ilikula uyoga jioni na ugali wa muhogo. Wamelala vizuri, hakuna aliyelalamika. Alfajiri mama na watoto wawili wakaanza kutapika na kuharisha maji matupu. Wakapelekwa, wakapewa maji ya dripu, kutwa nzima wanahangaika. Siku iliyofuata wakapata nafuu. Watoto wakaanza kuomba chakula. Baba akasema wamepona, akawachukua akarudi nao nyumbani. Siku ya nne mtoto mdogo macho yamekuwa ya njano, anasinzia, anatoka damu kwenye fizi. Hakufika hospitali kubwa.

Ile nafuu ya siku ya pili au ya tatu ndiyo naomba kila mtu aikumbuke. Sumu ya aina hii haiumizi tumbo mara moja. Inakaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, ndipo inaanza. Tumbo likitulia, mgonjwa anaonekana mzima, lakini ndani ini linaharibiwa. Ukirudi nyumbani kwenye ile nafuu umerudi wakati mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ninapompokea mtu ni swali moja: ulikula saa ngapi na umeanza kuumwa saa ngapi? Anayeumwa ndani ya saa moja mpaka tatu, mara nyingi amekula uyoga wa kuchafua tumbo. Atateseka, mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji vibaya, lakini wengi wanapona. Anayeanza kuumwa baada ya saa sita au zaidi, huyo namhangaikia hata kama anacheka. Na tahadhari: mtu akiwa amekula mchanganyiko wa uyoga, anaweza kupata yote mawili, ya haraka na ya kuchelewa. Kuumwa mapema hakumaanishi amesalimika.

Mkipata tatizo, msipoteze muda na maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Nendeni. Bebeni uyoga mbichi uliobaki, hata maganda na vitako mlivyotupa jalalani, mfunge kwenye karatasi, usifunge kwenye nailoni maana unaoza. Na waje wote waliokula sahani ile, pamoja na asiyeumwa. Mkaa wa dawa unasaidia ukinywewa mapema, dripu inasaidia, lakini hakuna dawa ya uhakika ya kuifuta sumu hiyo ikishafika kwenye ini.

Mtu_wa_Chikundi

Dada Nesi nimesoma mara mbili. Nyumbani kwetu tunatumia mchele miaka yote na hatujaumwa. Sasa naelewa kwamba ni mama aliyekuwa anaokota vizuri, mchele ulikuwa unasindikiza tu. Nimempigia simu sasa hivi.

Makopa

Swali wakuu. Mbona sumu tunaijua kuitoa? Ndiga, kile kiazi cha porini, ina sumu, tunaikata vipande, tunaloweka siku kadhaa, tunaanika, tunakula, hasa miaka ya njaa. Muhogo mchungu vilevile, tunauvundika na kuuanika. Kwa nini uyoga tusiuchemshe, tukamwaga maji, tukachemsha tena?

MzeeWaRondo

Swali zuri sana, na limewaua watu waliokuwa na akili kama yako.

Sumu si kitu kimoja. Ya ndiga na ya muhogo inatoka na maji, wazee waligundua hilo kwa vizazi vingi na kwa gharama. Hata uyoga upo wa namna hiyo. Finland wana uyoga mmoja wa kahawia uliokunjamana kama ubongo, wanaupenda sana, na wanauza sokoni pamoja na maelezo ya onyo. Wanauchemsha mara mbili kwa maji mengi, wanamwaga, tena madirisha wazi, kwa sababu hata mvuke wake una sumu. Wanajua hilo kwa uyoga ule mmoja.

Lakini ile sumu aliyoieleza Nesi, ya ini, haivunjwi na moto. Uchemshe, ukaange, uanike juani mpaka uwe kama ngozi, ukae nao mwaka mzima kwenye kibuyu, imo. Ndiyo maana mwenye kusema “tutauchemsha sana” anakuwa bado hajajibu swali la kwanza: huu ni uyoga gani?

KijanaWaNewala

Mzee naomba radhi kwa ile ya mweupe kula. Sasa kikombe. Umesema wenye kikombe chini tuuache. Lakini bibi yangu alikuwa anaokota uyoga wa rangi ya chungwa unaotoka kwenye kitu kama yai, na tunaula, ni mtamu hakuna mfano. Je, na ule?

MzeeWaRondo

Hapo umenikamata, na ni vizuri umenikamata.

Ni kweli. Misitu ya miombo, kuanzia huku kwetu mpaka Malawi, Zambia na Zimbabwe, ina uyoga wa jamii hiyohiyo ya Amanita unaolika, na ni chakula kikubwa cha watu wakati ule wa kifuku ambapo ghala limeisha na mahindi shambani bado mabichi. Masasi yenyewe imo kwenye historia hiyo. Kuna Amanita aliyepewa jina la kisayansi la Amanita masasiensis, aliyeandikwa na watafiti wa Finland mwaka 1994 wakati wakichunguza hawa wekundu wekundu wa Tanzania. Na katika kundi hilohilo la wekundu walikuta wanaolika na wenye sumu. Mji wetu una uyoga wenye jina lake duniani, na watoto wetu hawajui.

Kwa hiyo kwa bibi yako, kikombe hakikuwa onyo, kilikuwa sehemu ya sura ya rafiki yake. Kwa wewe ambaye hukuwahi kuinama naye, kikombe ni mlango uliofungwa. Mimi mwenyewe nakula aina mbili tu za jamii hiyo, zile nilizoonyeshwa na mama yangu, kwenye msitu ambao naujua. Nilipohamishiwa kikazi mkoa mwingine niliacha kula kabisa, ingawa niliona unaofanana. Watu wengi wanaodhurika duniani ni hao: mtu amehama, anakuta uyoga unaofanana na wa kwao, anaupika kwa kujiamini.

Na lile yai. Uyoga mchanga uliofungwa kama yai usipikwe na mtu asiyejua. Lakini kuna jambo la kujifunza humo: lipasue kutoka juu hadi chini kwa kisu. Ukiona ndani picha ya uyoga mdogo, kofia na shina vimechorwa, mara nyingi ni Amanita fulani, wa kheri au wa shari.

Majani_Tandahimba

Mimi shambani chini ya mikorosho uyoga umejaa kuliko porini. Nao vipi?

MzeeWaRondo

Mkorosho na uyoga wa miombo hawana undugu. Miombo inashikana na uyoga wake mizizini: uyoga unaupa mti maji na madini, mti unaupa uyoga sukari. Ndiyo maana uyoga ule wa njano aliouleta mjukuu wa Nachi huupati mahali palipofyekwa. Ukikata miombo ukachoma mkaa, umeondoa na uyoga, hautarudi kwa sababu tu mvua imenyesha. Mkorosho mizizi yake ina urafiki na kuvu wa aina nyingine, wasiotoa uyoga juu ya ardhi. Kwa hiyo unaouona chini ya mikorosho unaishi kwenye majani yaliyooza au umetoka kwenye kichuguu.

Kinachonitisha kwako ni dawa. Umepuliza salfa na nyingine za maji kuanzia mwezi wa sita, mara ngapi? Uyoga unanyonya vilivyomo ardhini. Mimi siokoti shamba la mikorosho lililopulizwa, wala kando ya barabara kuu, wala jalalani.

Bi_Vichuguu

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa makamo, niko Masasi, nauza mboga. Naomba niwaeleze uyoga wa vichuguu maana ndio ninaoujua hasa, na kwa mgeni wa mambo haya nadhani ndio pa kuanzia.

Mchwa wanaojenga vile vichuguu vikubwa ni wakulima. Wanakusanya majani makavu na vijiti, wanavitengeneza ndani kama masega, wanaotesha kuvu juu yake, na hicho ndicho chakula chao. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi, ile kuvu inapanda juu na kutokeza uyoga, siku zilezile kumbikumbi wanaporuka au karibu yake. Kila mwaka mahali palepale. Bibi zetu walikuwa na vichuguu vyao kama watu wanavyokuwa na miembe, na ukiokota kwenye kichuguu cha mwenzio ulikuwa unaitwa kwenye kikao.

Alama zake za pamoja ni hizi. Katikati ya kofia kuna kichomozo kigumu, kama chuchu, kilichotumika kutoboa udongo. Shina halina kikombe. Na ukilifuata kwa jembe linaendelea chini kama mkia, linazidi kuwa jembamba, mara nyingine kama mkono mzima, mpaka kwenye masega ya mchwa. Uyoga mkubwa ukijifanya wa kichuguu halafu mkia hauna, huo si wenyewe, hata ukiwa umekaa juu ya kichuguu. Upo mdogo unaotoka mamia kwa mamia kama mchele uliomwagika, huo mkia mrefu hauna, na upo mkubwa ambao kofia moja inafunika ungo. Mabwana shamba walituambia kwamba mkubwa kuliko wote unaolika duniani ni wa jamii hii, kofia yake inafika mita moja.

Hatari yake ni ndugu wa uongo. Kwenye viwanja vya shule, kwenye majani yaliyokatwa, karibu na mazizi, unatoka uyoga mpana mweupe wenye magamba ya kahawia juu na pete shinani. Watoto wanaudhania wa kichuguu. Huo ndio unaojaza zahanati na watu wa kutapika. Mkitaka kuutenga, fanyeni hivi: kateni shina, lazeni kofia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funikeni kwa bakuli, mlale. Asubuhi vumbi la mbegu zake limechora karatasi. Wa kichuguu unaacha rangi ya waridi hafifu. Ule wa viwanjani unaacha kijani. Hauna ubishi.

DadaNesi_Masasi

Bi Vichuguu hiyo ya karatasi nimewahi kuiona ikiokoa nyumba nzima. Naongeza tu: Amanita naye anaacha nyeupe. Kwa hiyo nyeupe isimpe mtu moyo.

MjukuuWaNachi

Waalaykumu salaam Bi Vichuguu. Naandika kila kitu kwenye daftari. Ule mweupe mpana waliouleta watoto wameniambia wameukuta uwanja wa mpira wa shule.

Bi_Vichuguu

Alhamdulillah uliufukia.

MdogoWakeNachi

Mimi ndiye mdogo mtu. Moreli vipi? Naona kuna watu wanaishi kwa kuuza huo tu. Sisi misitu tunayo.

Mwanafunzi_wa_Misitu

Ngoja nijibu hili, nimelisoma. Moreli ni uyoga wa nchi za baridi: Ulaya, Amerika Kaskazini, Uturuki, milima ya Himalaya. Unatoka wakati theluji imeyeyuka na ardhi inaanza kupata joto, kwa wengi ni kati ya Machi na Mei. Magharibi ya Marekani na Kanada unajitokeza kwa wingi mwaka unaofuata baada ya msitu kuungua. Sasa sisi huku moto unapita porini kila mwaka, lakini ardhi ya Lindi na Mtwara haipati baridi hiyo hata siku moja. Usiutafute.

Wanavyoutambua huko kwao: kichwa kimejaa vishimo kama sega la nyuki, ukingo wa chini wa kichwa umeungana na shina, na ukiupasua kutoka ncha hadi kitako ndani ni mtupu, uwazi mmoja mfululizo. Ule wa uongo umekunjamana kama ubongo badala ya vishimo, na ndani una vyumbavyumba au umejaa kama pamba. Huo ndio ule wa Finland aliousema mzee.

Na hata moreli wa kweli hauliwi mbichi. Mwaka 2023 huko Montana, Marekani, mgahawa mmoja uliandaa moreli mbichi na nyingine zilizoiva nusu. Watu 51 waliugua, 2 walikufa. Ulikuwa moreli halisi, tena wa kulimwa kutoka China. Kosa lilikuwa jikoni.

Ila nakuonya kitu kimoja. Huku kwetu, kwenye majani yaliyooza na mianzini, unatoka uyoga wenye kichwa cha vishimo kinachofanana kweli na moreli kwenye picha. Unatoka kwenye yai, wengine wana sketi ya wavu mweupe unaoning'inia, na kichwani kuna utelezi unaonuka mzoga, nzi wamejaa. Huo si moreli. Nimeona mtu ameupiga picha akatangaza kwamba anauza.

MdogoWakeNachi

Nimeelewa. Je, wa kichuguu unaweza kulimwa?

Mwanafunzi_wa_Misitu

Bila mchwa, hapana. Unaolimika kwa urahisi ni uyoga uitwao mamama, unauotesha kwenye mabua na majani makavu yaliyochemshwa. Nenda kwa afisa kilimo wa kata akuonyeshe mbegu inapatikana wapi.

Bi_Vichuguu

Na mkishaupata, tafadhali msiuweke kwenye mifuko ya nailoni. Unatoka jasho, saa nne asubuhi umeshaharibika, na uyoga ulioharibika unaumiza tumbo hata kama ni wa heri. Kikapu, au kitambaa. Kila aina kivyake, usichanganye, maana kipande kimoja cha mbaya kikivunjikia kikapuni hutakitafuta. Usipopika siku hiyo, pasua, anika kwenye ungo juani, uingize ndani jioni.

Kupika kwangu: nauosha haraka, nauchemsha maji yake yakauke, kitunguu, nyanya, halafu korosho zilizotwangwa badala ya karanga. Tui kidogo ukitaka. Unaliwa na ugali wa muhogo.

MjukuuWaNachi

Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye.

Niliuliza kijijini ni nani aliyekuwa anaokota na bibi. Nikaelekezwa kwa bi mkubwa mmoja ng'ambo ya korongo, ambaye sikujua kabisa kwamba walikuwa marafiki. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, alilia kwanza. Kisha akasema, “Tangu aondoke sina mtu wa kwenda naye.”

Jumamosi tumetoka kabla ya jua. Kuna vichuguu vitatu ambavyo anasema vilikuwa vya bibi. Cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili kimejaa. Akanikataza kuvunja hata mmoja, akanipa kijembe kidogo, nikachimba nikaufuata mkia mpaka ukanikatikia mkononi kwenye udongo wa baridi. Ulikuwa umefika kiwiko changu. Kichomozo katikati, kikombe hakuna, pete hakuna. Alinionyesha na mwingine pembeni kwenye majani, mzuri mweupe, akaufukua kitako nikaona kile kikombe kwa macho yangu mara ya kwanza. Akaniambia niunuse, niuguse, niuangalie mpaka nichoke, halafu akaufunika tena na udongo.

Usiku nimelaza kofia moja kwenye karatasi. Asubuhi waridi. Nimepika kama Bi Vichuguu alivyosema, nikala mimi peke yangu kidogo, mmoja mbichi nikauweka pembeni kwenye karatasi kama Dada Nesi alivyoshauri. Nimesubiri siku nzima na usiku wake. Jana wamekula watoto, na sufuria wameilamba.

Ule wa njano wa porini bado sijaugusa. Bi mkubwa anasema huo unataka mvua ikolee, na uko bonde la pili, kwenye miombo ambayo haijakatwa. Jumamosi ijayo tunakwenda, na mtoto mkubwa wa kaka ameomba twende naye. Nimemnunulia kikapu chake.